Chavua kutoka Kibondo

Siku Stanislaus alipomwona Mama Ange kwa mara ya kwanza, mkononi alikuwa na panga, na macho yake yalikuwa yameshachagua jani la kukata.

Ulikuwa mwezi wa saba, kiangazi kimekolea, naye alikuwa akipita kijiji cha Kagerankanda, wilayani Kasulu, kutafuta mkonge wa kusokotea kamba. Kazi hiyo aliianza alipomaliza darasa la saba na hakuwahi kuiacha. Mkonge aliujua kama anavyojua vidole vyake. Lakini huu ulikuwa kitu kingine. Ulisimama peke yake juu ya lundo la matofali yaliyovunjika, umemfika kifuani, kichwa chake kimechanua mamia ya majani membamba, magumu, ya rangi ya buluu iliyofifia kama moshi wa tanuri asubuhi. Mate yalimjaa mdomoni. Jani jembamba namna ile, uzi wake ungekuwaje?

"Kata," sauti ikasema nyuma yake. "Kata, halafu na mimi nikukate wewe, tuone nani ataota tena."

Aligeuka. Alikuwa mwanamke mfupi, kitenge kimefungwa juu ya suruali ya kiume, vumbi jekundu hadi kwenye viwiko. Stanislaus, ambaye hata kwenye kwaya alikuwa akichezesha midomo tu, alifungua kinywa na hakikutoka kitu.

"Wewe ni bubu?"

"Hapana, mama."

"Basi ni mwizi."

"Msokota kamba."

Yule mama akamwangalia kuanzia viatu hadi kofia, akacheka. "Afadhali ungekuwa mwizi. Mwizi angeondoka na kuku."

Jina lake kamili ni Immakulata Ininahazwe, ila kila mtu alimwita Mama Ange, kwa jina la binti yake wa pekee. Alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili akiwa mgongoni mwa mama yake, na uraia aliupata akiwa mtu mzima. Mumewe alikuwa mchoma matofali. Tanuri lake la mwisho lilizidi moto, matofali yakayeyuka yakashikana kama sukari guru, hayakuuzika. Mwaka uliofuata mume akafariki, na lundo likabaki pale pale mbele ya nyumba. Majani hayakuota juu yake, hata kwekwe. Majirani walimshauri alisombe akalitupe.

Wakati huo alikuwa akiuza miche ya miti katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Huko bwana miti mmoja wa shirika la misaada, alipomaliza mkataba wake, alimwachia pakiti ya mbegu kumi na mbili za mmea alioutaja kuwa yuka. Alimwambia ni mmea wa nchi kame, hauogopi jua wala baridi. Mama Ange akazifanyia mema yote anayoyajua: udongo mweusi, samadi ya mbuzi, maji asubuhi na jioni. Zikaota zote. Mvua za masika zilipokolea, miche kumi ikaoza, mmoja baada ya mwingine, mizizi imekuwa kama uji.

"Haikufa kwa shida," alimwambia Stanislaus. "Niliiua kwa raha."

Miwili iliyobaki aliing'oa kwa hasira. Mmoja akauchomeka katikati ya lundo la matofali, mahali ambapo maji hayakai hata dakika. Wa pili akampa Mzee Saady, mfanyabiashara wa Kibondo aliyekuwa mteja wa mumewe, naye akaupanda kwenye changarawe mbele ya duka lake. Yote miwili ikapona. Tangu hapo Mama Ange akaligeuza lile lundo kuwa bustani: akapanga matofali ngazi kwa ngazi, akajaza kokoto, akaweka mishubiri na mimea mingine isiyotaka maji. Ile yuka ya buluu ikawa juu kabisa, kama askofu.

Siku ile hakumruhusu Stanislaus kukata jani, ila alimpa yale makavu yaliyoning'inia chini ya shina. Wiki iliyofuata alirudi kumwonyesha uzi alioupata. Haukuwa imara kama wa katani, lakini ulikuwa laini ajabu. Wiki ya pili akarudi bila sababu. Alikuwa akifika, anasema "Bwakeye", salamu ya asubuhi ya Kirundi, anabeba mawe, anaondoka. Ikapita miaka minne hivyo. Mama Ange aliongea kwa niaba ya wote wawili.

Mwaka huu, mwezi wa sita, akamwambia anahama. Ange alikuwa amejifungua mapacha huko Katumba, upande wa Mpanda, na mumewe ni dereva asiyeonekana nyumbani. "Mvua za mwezi wa kumi na moja zisinikute hapa," alisema. Kisha akaiangalia yuka. "Na huyu habebeki."

Kweli hakubebeka. Mizizi ilikuwa imejisuka ndani ya matofali, na shina ni nene kuliko paja. Hautoi machipukizi pembeni kama mkonge, kwamba ungekata moja ukaenda nalo. Ulikuwa umechanua mara moja, miaka miwili nyuma, maua yakaanguka bila kuacha mbegu hata moja. Ni Mzee Saady aliyesoma kwenye simu yake na kumweleza sababu. Kwao, yuka ina nondo wake, kipepeo mdogo mweupe wa usiku, anayebeba chavua ya mmea huu na kuisukuma kwenye ua la mmea mwingine. Upepo hauwezi kazi hiyo, nyuki ndiyo kabisa. Na nondo huyo Tanzania hayupo.

Wiki ya pili ya mwezi wa nane Stanislaus alikuta bua limetoka kichwani mwa mmea, refu kama mtu, limejaa vikengele vyeupe vilivyofumba. Mama Ange alikuwa amekaa kwenye ngazi na fimbo, akilinda mbuzi wa jirani.

"Saady amepiga simu," alisema kabla hajasalimiwa. "Na wake umechanua. Siku ya kumi leo, yamebaki maua ya juu kabisa tu. Yakianguka hayo basi, mpaka wachanue tena pamoja, na mimi sitakuwepo." Alimkazia macho. "Stani, mdogo wangu. Tunahitaji nondo wa miguu miwili."

Alfajiri Stanislaus alipanda basi la Kibondo, mfukoni ana kiberiti alichokimwaga njiti na kukitandika karatasi. Njia nzima alikuwa akirudia maneno ya kumwambia Mzee Saady. Makere, njia panda ya Nduta, midomo inacheza, jirani yake kitini akadhani anasali.

Dukani hakumkuta Mzee Saady. Mbele ya duka yuka ilikuwepo, ya buluu vile vile, lakini bua lilikuwa limekatwa. Lilibaki kishina cheupe chenye maji maji.

"Wanawake wamekata jana jioni, mzee hana habari," mlinzi alisema. "Binti yake, Zuhra, anaolewa leo. Wamesema maua kama hayo huyapati hata Kigoma mjini. Yako ukumbini."

Stanislaus aliuliza njia ya ukumbi. Kisha akaanza kutembea, na kabla hajafika kona akajikuta anakimbia.

Ukumbini walikuwa wanawake tu, kama thelathini, wengine juu ya viti wanafunga vitambaa, wengine wanapepeta mchele. Mbele, nyuma ya kiti cha bibi harusi, ndani ya ndoo iliyozungushiwa kitambaa cha dhahabu, bua la yuka lilisimama limenyooka. Chini maua yalikuwa yamesinyaa. Juu kabisa yalikuwa wazi.

"Baba, umepotea," alisema mwanamke mmoja mnene mwenye mkasi shingoni. Alikuwa Mwamvua, dada yake Mzee Saady, msimamizi wa mapambo. "Wanaume ni saa kumi, msikitini."

Stanislaus alisema kitu.

"Sema kwa sauti. Huko nyuma hawasikii."

Sinia za mchele zikatulia. Yale maneno aliyoyarudia tangu Kasulu yalikuwa yamemtoka yote kichwani. Aliangalia maua, akayasemesha yenyewe. "Huu mmea una mwenzake Kagerankanda. Mwenzake amechanua leo na yuko peke yake. Nimetumwa kuchukua chavua. Kidogo tu. Bila hiyo hatapata mbegu, na mwenye mmea anahama."

Halafu sauti ikatoka kwenye sinia za mchele: "Kumbe huyu kaja kuposa."

Vicheko vikavunjika. Mwamvua hakucheka. Alifunga uso kama mzee wa ukoo. "Kwetu hatutoi mtoto bure. Mahari iko wapi?"

Stanislaus akaingiza mkono kwenye mfuko wake wa salfeti, akatoa kamba mpya, mita sita, ile aliyoibeba kwa mazoea kama wengine wanavyobeba mwavuli. Mwamvua akaivuta, akaifunga kwenye nguzo, akaning'inia kwa uzito wake wote. Haikulia hata kidogo.

"Tumepokea," alisema. "Mleteeni kiti."

Akapanda. Akalifungua ua la kwanza bila kulichana, maana ilikuwa kazi ya vidole. Chavua ilikuwa ndani, njano, inanata kama nta. Bibi harusi mwenyewe alikuja kusimama chini yake, mikono ameinyanyua kwa sababu hina ilikuwa bado mbichi, akawa anaelekeza kwa kidevu. "Lile pale limefunguka sasa hivi. Na hilo nyuma yake. Usiharibu tu upande wa picha."

Saa kumi na moja na nusu jioni alishuka Kagerankanda, kiberiti amekishika mkononi tangu Kibondo kwa kuogopa joto la mfuko. Mama Ange alikuwa ameshaegemeza ngazi. Alifungua kiberiti kidogo, akachungulia, akakifunga.

"Panda," alisema.

Mzee Saady alikuwa ameeleza kwamba chavua lazima isukumwe ndani ya kitundu kilicho katikati ya ua, kidogo kuliko tundu la sindano. Mama Ange alikuwa ametayarisha njiti ya ufagio. Ilikuwa nene mno. Stanislaus akachomoa nyuzi tatu za katani zilizonasa kwenye shati lake, kwake hazikosekani, akazisokota kwa mate, akakata ncha kwa meno. Ikaingia. Ua la kwanza, la pili, la tano. Jua lilikuwa linashuka na vile vikengele vilizidi kufunguka mbele ya macho yake. Chini Mama Ange alikuwa ameikumbatia ngazi, akitaja kila ua aliloliona: la kushoto, la juu, hilo umelipita, rudi. Alfajiri wakarudia mpaka chavua ikaisha.

Siku ya nane maua yakaanza kuanguka. Asubuhi hiyo Stanislaus alimkuta Mama Ange amekaa chini kwenye kokoto, hasemi, jambo ambalo hakuwahi kuliona. Akamwonyesha kwa kidole. Kwenye bua, mahali maua yalipokuwa, kumi na moja hayakuwa yameacha kovu tupu. Yalikuwa yameacha vidole vya kijani, vimesimama wima, vinene.

"Yana mimba," Mama Ange alisema polepole. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akalala chali juu ya matofali ya mumewe, na Stanislaus naye akacheka kwa sauti, jirani akatoka kuangalia kuna nini.

Mwisho wa mwezi wa kumi matunda yalikauka, yakapasuka. Ndani, mbegu nyeusi bapa zilikuwa zimebebana kama sahani kabatini. Mama Ange alizigawa mafungu matatu: la kwake, la Mzee Saady, na la tatu akalifunga kwenye kipande cha gazeti akampa Stanislaus pamoja na ufunguo wa geti la bustani.

Asubuhi ya safari Stanislaus alimbebea begi hadi stendi ya Kasulu. Basi la Mpanda lilikuwa limeshawasha. Alitaka kusema jambo, akalitafuta, hakulipata, akashika tu ukingo wa dirisha. Mama Ange akainamisha kichwa nje, kofi lake gumu likatua juu ya vidole vyake.

"Zikiota usiniandikie meseji," alisema. "Nipigie, nisikie unavyosema."