Mama Kwenye Nchi Tambarare

Baba alipofariki nilimchukua mama kutoka Usambara, nikamleta kwangu Dodoma, ambako nimeajiriwa katika ofisi moja pale Mtumba. Mimi ni mtoto wake wa pekee, sikuona njia nyingine.

Kijiji chetu kiko upande wa mlima unaotazama bahari. Mawingu yakitoka huko yanakwama kwetu na kumwaga mvua, wakati upande wa pili wa safu hiyohiyo ni joto na miiba. Nguo za mama zilifika Dodoma zikiwa bado na unyevu wa ukungu. Zilikauka mara moja.

Siku moja nilirudi kutoka kazini nikakuta hayupo. Muuza duka akaniambia, "Bibi alinunua chumvi, akaondoka tangu mchana."

Nilizunguka mtaa mzima nikiuliza. Jua lilikuwa linazama nilipomwona kwenye ua wa mama mmoja wa Kigogo, wanabangua karanga pamoja.

"Shikamoo," nilimwamkia mwenyeji.

"Marahaba. Huyu alipita hapa, akapita tena. Nikaona kapotea, nikamwambia aketi."

Nyumba yake haikuwa mbali na yangu. Miaka yote niliyoishi pale sikuwa nimewahi kumwona.

Njiani mama alinishika mkono. Aliona aibu, nami nilijifanya sioni.

"Mwanangu, kwetu hata gizani nafika," alisema. "Dukani ni kuteremka, nyumbani ni kupanda. Miguu yenyewe inajua. Huku hakuna juu wala chini, nitashika lipi?"

"Utazoea, mama."

"Wewe umezoea?"

Nilitafuta funguo mfukoni hadi tukafika mlangoni.

Mwisho wa mwezi nilimrudisha kijijini kwa dada yake mdogo. Basi lilipoanza kukata kona za mlima, mama alisogea dirishani na kuanza kunionyesha: bonde hili mashamba ya kabichi, ule mgongo pale makaburi ya wazee. Sauti yake ilikuwa imerudi. Nilifurahi, na nikaumia, kwa kuwa sikuwa nimeisikia sauti hiyo nyumbani kwangu hata siku moja.

Nilirudi Dodoma peke yangu. Jioni huwa ananipigia, ananiuliza nimekula nini. Namtajia chakula ambacho sijapika. Akishakata simu, nakaa kidogo sebuleni, kisha nakwenda kuchemsha chai.