Nilipanda madhabahu kusema hakuna Mungu, kanisa likasema amina

Wakuu, salamu kutoka Kitui. Hii ilinipata mimi mwenyewe, na ile sehemu ya aibu sitairuka.

Miaka ya themanini nilipata nafasi university, wa kwanza kwa kijiji chetu karibu na Kwa Vonza. Kanisa liliniombea Jumapili tatu mfululizo. Pastor akasema naenda kuchota hekima ya Sulemani.

Mimi nikaenda kuchota Philosophy.

Term moja tu, wakuu, nikawa najua Mungu hayuko. Nilikuwa nimesoma vitabu viwili. Cha pili sikumaliza.

December nikarudi na ndevu, na koti zito kwa jua lile letu. Pastor akatangaza msomi ataleta neno. Nikajiambia, leo hawa watu wataamka.

Nilipanda madhabahu nikaongea kizungu kitupu. Mkalimani alikuwa Mzee Kilonzo, mwinjilisti mpole, karani mstaafu aliyefanya kazi ofisini mji wa Kiboko.

Nikasema hakuna ushahidi wowote kwamba Mungu yuko.

Mzee akafikiri kidogo, akageukia watu kwa Kikamba: "Anasema amezunguka huko kote, hajaona wa kulinganishwa na Mungu."

"Amina!"

Nikasema dini ilitengenezwa na watu waoga.

"Anasema mtu bila Mungu ni woga mtupu."

"Amina!"

Kikamba ni lugha yangu, nilikuwa nasikia vile napinduliwa. Lakini mama yangu alikuwa mstari wa mbele, kiongozi wa akina mama, analia kwa furaha. Ningeanzia wapi?

Basi nikapandisha sauti, nikagonga meza. Mzee naye akapandisha sauti, akagonga meza.

Pastor alifunga akisema, "Mmeona? Hata university imekubali!" Watu saba wakaokoka siku hiyo. Mmoja wao sasa ni mchungaji, na mpaka leo hunitaja kwa mahubiri.

Ibada ikiisha nilimvuta mzee nyuma ya kanisa.

"Mzee, hukutafsiri vile nilisema."

Akanijibu kwa kizungu kisafi kuliko changu kwamba alinielewa vizuri sana. Halafu akarudi Kikamba.

"Haya, mwana wakwa, mwanangu. Niambie sasa kwa lugha ya mama yako. Jumapili ijayo nitasema neno kwa neno."

Nikafungua mdomo.

Evidence, nikakosa neno. Existence, nikakosa. Nikazunguka huku na huku, jasho ndani ya lile koti. Mwisho nikasema, "Mungu... hayuko mahali."

"Hayuko mahali gani?"

Nilitarajia acheke. Hakucheka.

"Mimi nilizika watoto wawili mwaka wa njaa," akasema. "Hilo swali nililala nalo kabla hujazaliwa. Wewe umepewa nafasi ya kukaa miaka mitatu ukiliangalia, bila jembe mkononi. Liangalie vizuri. Ukipata kitu, uje unieleze. Nataka kujua, sikutanii."

Wakuu, sijawahi kuona aibu kama ile. Kumbe kwa kanisa zima mwenye swali alikuwa mkalimani, mimi nilikuwa na maneno tu.

Nilirudi campo nikamaliza kile kitabu. Nikasoma na vingine. Kila likizo nilienda kwake na tulibishana kwa Kikamba, yeye na Biblia yake, mimi na notes zangu, mpaka mwaka aliofariki. Hakuna aliyemshinda mwenzake. Sikuwahi kumpa jibu, na sijalipata.

Funzo: university si ya kumfukuza Mungu kijijini, na si ya kumletea Mungu certificate ndio pastor ajivunie. Kama jambo huwezi kumweleza mama yako likaeleweka, bado hujalisoma.

Haya, nyinyi mliorudi nyumbani mkijua kila kitu, nani aliwanyoosha? Wachungaji pia mnaruhusiwa kuchangia, ila muwe wafupi.