Kiti cha Kinyozi Ukumbini

Dada yangu ni afisa vijana wa halmashauri, na mimi ni dereva wa halmashauri hiyohiyo. Mengi ya haya sikusimuliwa. Niliyaona kwa macho yangu, na mpaka leo yananichoma.

Vijana wa mtaa wa juu na wa mtaa wa chini walikuwa wakikatana mapanga kila wikendi. Wakubwa wakaunda kamati, kamati ikanywa chai. Dada yeye akaomba chumba cha nyuma cha ukumbi, akaweka kioo na kiti cha kinyozi, akaanza kufundisha unyozi. Sharti lake lilikuwa moja tu: hakuna kumnyoa mtu wa mtaa wako. Unamnyoa wa upande wa pili, na shingo yako unamkabidhi wa upande wa pili. Nikamwambia amerukwa na akili.

"Mdogo wangu," akanijibu, "mtu ukishamshika kichwa nusu saa mnapiga soga, kumkata panga inakuwa kazi."

Na kweli. Walianza kwa kutetemeka, wakaishia kutaniana visogo. Wakabaki wawili tu, vinara wenyewe: Mapua wa juu na Kijiti wa chini. Kijiti ndiye aliyemjeruhi kaka wa Mapua. Hao wakipatana, vita vimekwisha. Dada aliwabembeleza mpaka sauti ikamkauka, wakakubali. Alhamisi asubuhi Kijiti atakaa kitini, Mapua atashika mashine.

Jumatano mkurugenzi wa halmashauri akamwita dada, mimi nipo mlangoni nasubiri funguo za gari.

"Kesho ukumbi una wageni. Toa vitu vyako."

"Wageni gani, bosi?"

"Semina ya kuzuia vurugu za vijana."

Nilidhani anatania. Dada akamsihi amwachie hicho chumba cha nyuma tu, kesho ndiyo siku yenyewe.

"Humo kitawekwa chakula. Na wewe uwe ukumbini, utawasilisha mada."

Tukabeba kiti mpaka kwenye banda la magari. Dada akamwomba mlinzi awaelekeze vijana huko. Mlinzi akaitikia vizuri tu. Asubuhi mimi nikatumwa kuwapokea wageni, na nyuma yangu mkurugenzi akampa mlinzi amri nyingine: wahuni wasionekane getini.

Kwa hiyo walipofika, wa juu na wa chini, wameoga, wametulia, wakafukuzwa kama kuku. Wakajikuta wote barabarani, hasira zimewapanda, na katikati yao hakuna mtu wa kuwaamua. Mmoja akasema Kijiti ndiye aliyewachongea. Yaliyofuata hata dakika tano hayakuchukua.

Dada alikuwa amesimama mbele ya wageni, anaeleza habari za kiti chake, simu ilipoita. Wageni walikuwa wanapiga makofi. Nilimwendesha hospitali. Nilitamani kurudi nikamkunje mkurugenzi shati.

Mama yake Kijiti alikuwa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, ameshika kiatu kimoja cha mwanawe.

"Aliniaga anakuja kwako," akamwambia dada. "Mbona hamkumfungulia?"

"Ukumbi ulikuwa na semina, mama."

Mama akamtazama, hajaelewa.

"Semina ya nini?"