Mwiko wa Kukimbia Nao

Sokoni hapa Kindu kuna fundi anayechonga miiko na vinu. Alitoka Burundi wakati wa vita, na mpaka leo miiko yake yote ina mikono mifupi. Juzi nilimkuta mama mmoja, mwenye mwili wake, ameshika mwiko mmoja kwa vidole viwili.

"Fundi, hii njo mwiko ao kijiko? Juma hii naozesha mutoto! Na hii nitageuza bugali ya harusi, nitaungua mupaka kwapani."

"Murefu haiingie mu kifurushi ya kukimbia vita, mama. Yangu ilinasa mu matawi, nikaiacha porini, bunduki zinalia."

"Sasa leo nani anakimbia, papa?"

Fundi akamfungia ubao mrefu mgongoni kwa kitenge, kama mtoto. "Kimbia mupaka ku musikiti na kurudi. Kama haikunasa, nitakuchongea."

Mama akavua viatu, akakimbia. Akapita ameinama chini ya maturubai ya wauza samaki, kuku wakatawanyika, soko zima likapiga makofi. Akarudi akihema. "Chonga!"

Fundi akachukua shoka. "Lakini nitatoboa na shimo ya kamba ya kuifunga mugongoni, mama."

Mama akafungua kitenge, akampa ubao. "Toboa."

Mimi nilicheka kuliko wote, Mungu anisamehe, maana chini ya kitanda changu kifurushi cha vita bado kimefungwa. Jioni nilikifungua, nikatoa mwiko mfupi wa fundi yule yule, nikasonga nao bugali. Niliungua vidole vyote, nikasema asante Mungu, ni moto wa jiko tu.