Nilisema Mbuga

Nilisomea usimamizi wa hifadhi za wanyama, na sasa ninalinda mlango wa jumba la ofisi huku Silicon Oasis, ughaibuni kwa Waarabu. Nilikuwa hapo mlangoni baba aliponitumia picha ya barua ya Kiingereza, kutoka kwa wasimamizi wa hifadhi inayopakana na shamba letu.

Shamba lenyewe babu alilipata kwenye skimu ya makazi, ranchi ya mzungu ilipokatwa vipande baada ya uhuru. Aling'oa nyasi kwa mikono, akapanda mahindi, akazungushia ua wa minyaa. Majirani walitoka kila pembe ya Kenya. Ndiyo maana hata nyumbani tunaongea Kiswahili.

Barua ilisema shamba letu limeorodheshwa kama uwanda wa nyasi, na wanataka kulifanya njia ya tembo. Mwenye pingamizi afike ofisini kabla ya mwisho wa mwezi.

Wageni walikuwa wamepanga foleni mbele yangu. Nikarekodi sauti haraka: "Baba, wanasema shamba letu ni mbuga. Kama unapinga, nenda ofisini mwezi huu."

Chuoni, mbuga ni uwanda wa nyasi. Kwa baba, mbuga ni hifadhi yenyewe, kule kwenye geti, kwa simba.

Hakwenda. Nilipompigia mwezi uliofuata, alikuwa ameshaanza kung'oa minyaa.

"Mama, wewe ndiye uliyesoma," aliniambia kwa upole. "Ukisema limeshakuwa mbuga, mimi ni nani wa kubishana?"

Nikapiga simu ofisi ya hifadhi. Wakasema, muda umepita, dada.

Mwenzangu wa zamu, mtu wa Mombasa, alicheka nilipomsimulia. "Wewe ranja wa lifti! Sasa tembo watakula mahindi yenu kwa ruhusa." Aliponitazama usoni, akaenda kuniletea chai.

Ile sauti bado ninayo kwenye simu. Nimeisikiliza hadi najua ninapovuta pumzi kabla ya neno lile. Ningesema nyasi. Baba sijamwambia; nikimwambia, atang'oa minyaa iliyobaki akijua haikuwa lazima.

Juzi aliniuliza, "Si watataka maranja wa kulinda tembo hapa? Huenda wakakuandika, urudi nyumbani."

"Inshallah, baba," nikamjibu, vilevile madam, bosi wangu, anavyonijibu kila ninapoomba likizo, na sijawahi kuipata.

Akafurahi. Alidhani nimesema ndiyo.