Mkwe Aliyepewa Mgongo

Tangu juzi situlii. Abiria mmoja wa basi la Mbeya aliniletea hapa Iringa habari kwamba yule mama wa Kikongo aliyeolewa na Mnyakyusa ameaga dunia kwa homa. Tangu hapo kalamu naishika, naiweka, na chai inanipolea mezani. Hakuwa ndugu yangu. Nilimfahamu nilipokuwa mkalimani bomani Mbeya, na wasomaji wangu wa kila wiki wataniwia radhi nikimlilia hapa.

Mumewe alimwoa Kongo, akarudi naye, kisha akapata kazi kwenye dhahabu kule Makongolosi. Mama akabaki kwa wakwe, akalima, akazaa. Kibali chake kilikuwa cha muda tu. Ilimpasa kuomba kibali cha kukaa daima kabla hicho hakijaisha, la sivyo angerudishwa kwao, na watoto wabaki kwa baba yao. Kila nilipokutana naye sokoni nilimhimiza, naye akinijibu kwa Kiswahili chake cha Kongo kwamba ataenda, bado kidogo. Nikamwona mzembe. Kumbe tatizo lilikuwa baba mkwe! Bwana Shauri, Mwingereza mwenye kuamua mambo hayo, hakuridhika na neno la mume, maana alisikia kuna ndoa za kukodi, za kupatia kibali tu. Alitaka mzee aliyetoa ng'ombe wa mahari aje asimame na mama huyo mbele ya meza yake. Na kwa Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke huingia migombani akajifunika. Mgeni huyu aliishika desturi hiyo kuliko waliozaliwa nayo.

Basi siku zikayoyoma hadi ya mwisho. Wakaja. Mama aliingia, kajitanda kanga usoni. Mzee hakukubali kuvuka kizingiti. Alisimama barazani karibu na dirisha, mgongo ametugeuzia. Bwana Shauri akanuna, akasema watu hawa hata kutazamana hawataki, ndoa gani hii, akaanza kufunga jalada. Nikamfasiria mzee maneno yale. Akajibu bila kugeuka, taratibu kabisa:

"Mwambie nimempa mgongo kwa sababu ni mkwe wangu. Angekuwa mgeni, ningemtazama usoni."

Nikafasiri. Bwana Shauri aliutazama ule mgongo, akaitazama ile kanga, akagonga muhuri.

Siku hizi kila mtu anamwuliza mwenzake katoka wapi, na mimi jambo hili linaniudhi. Sisemi karatasi hazina kazi. Bila ile, mama yule angetenganishwa na wanawe. Lakini mwenyeji ni yule aliyekubali kubanwa na miiko ya watu, nao wakakubali kubanwa kwa ajili yake. Mzee yule yu hai bado. Nikamwuliza abiria kama alifika mazikoni. Akaniambia kwamba mzee alifika, akasimama mbali migombani, kaburi likiwa nyuma yake. Udongo ulipojaa ndipo akageuka, akalia.