Mkono Juu ya Boneti

Wiki iliyopita gari langu lilianza kukohoa nilipokwisha kuipita Rongo, nikielekea Homa Bay, na kabla sijalitoa barabarani nilijua shida ni nini. Ukilelewa katika boma lenye pikapu kuukuu kama letu, kikohozi hicho hakikutoki masikioni. Gari huvuta, husita, hukumbuka kazi yake, halafu husita tena. Nilikuwa natoka nyumbani, upande wa Muhuru Bay, na huko nilikuwa nimejaza petroli kwa mtu ambaye niliapa nikiwa mtoto kwamba sitanunua hata kiberiti kwake. Lakini geji ilikuwa imelala na Migori mjini ni mbali. Nikajaza.

Nilifika Homa Bay kwa kulibembeleza gari. Jumapili asubuhi nikatandika gunia uani, nje ya nyumba ninayopanga, nikafungua boneti. Jirani yangu, mama anayekaanga samaki wa ngege wa kuuza, alinitazama kwa muda huku akipuliza makaa ya jiko lake.

"Madam, kwani mafundi wa Homa Bay wamehama?"

"Wapo."

"Basi ita mmoja. Hukusomea kulala chini ya gari."

"Wewe hamisha hilo jiko kwanza, tusije tukaruka sote."

Alilivuta jiko hadi upande wa pili wa nyumba, akinung'unika kwamba wasomi ni watu wa kusumbua. Nilichomoa fyuzi ya pampu, nikawasha injini hadi ikazimika yenyewe ili presha ishuke, nikatoa waya wa betri, nikalegeza klipu na kuivuta filta. Nikaigeuza juu ya chupa ya jemu. Kilichotoka kilikuwa na rangi ya chai ya jana. Niliiweka chupa dirishani, nikafunga filta mpya, na niliporudi kunawa mikono chupa ilikuwa imejigawa: petroli juu, maji chini, na kati yao mstari ulionyooka kama uliopigwa kwa rula.

Nilisimama pale na sabuni mkononi, masikio yakiwaka. Hasira ile si ya wiki iliyopita, rafiki yangu. Ni ya miaka mingi, nami nataka kukusimulia ilikotoka, kwa sababu kila mwingine anayeijua huniambia niiache.

Baba alikuwa akibeba omena, dagaa wa ziwani, kwa pikapu. Akina mama wa Muhuru Bay waliianika kwenye nyavu mchangani, wakaijaza magunia, naye akayapeleka soko la Migori. Pikapu letu lilinuka omena hata lilipooshwa, na paka wote wa kijiji walilijua kwa sauti. Kila baada ya muda lilikohoa, na hapo Jumapili ikawa siku ya filta. Jumamosi haikuwezekana. Sisi ni watu wa Sabato, na Ijumaa kabla jua halijazama kila kitu kilikuwa kimekwisha kufanywa: viatu vimepigwa rangi, nyoyo ya mahindi na maharagwe imepikwa ya kuliwa kesho yake, tangi la gari limejazwa.

Sitakudanganya, nilizipenda Jumapili hizo. Bibi alilazimika kuzima moto jikoni kwa sababu ya mvuke wa petroli, kwa hiyo chai ilichelewa, naye hakumsamehe baba hata mara moja. "Gari lako linakunywa kama mlevi," alimwambia kutoka mlangoni, "na linatapika kama mlevi. Lakini mlevi hatumzimii moto." Baba alicheka huku akipanga koleo, bisibisi na klipu juu ya gunia kwa mpangilio uleule. Mpira unaotoka kwenye tangi aliuziba kwa penseli yangu ya shule. Jumatatu penseli hiyo ilinuka darasa zima, na mwalimu akaniuliza kama nimekuja kusoma au kuuza mafuta.

Kazi yangu mimi ilikuwa mshale. Ubavuni mwa kila filta kuna mshale mdogo, na baba hakufunga klipu kabla hajaniuliza.

"Mshale uende wapi?"

"Injini."

"Basi."

Filta kuukuu aliimwaga ndani ya chupa ya jemu na kuiweka dirishani itulie, ili baadaye apakue petroli ya juu ya kusafishia plagi. Chini kulibaki maji na vumbi la kutu. Kwa miaka mingi niliitazama chupa ile kama mtoto mwingine anavyotazama picha ukutani. Baba alikuwa na msemo wake: "Filta haina kosa. Imefanya kazi yake." Nilipoufikisha umri wa kuuliza, niliuliza. Kama filta haina kosa, nani ana kosa? Uchafu, akasema. Na uchafu unatoka wapi? Akanitazama kidogo.

"Leta kitambaa," akasema.

Hilo ndilo jibu nililopewa. Nimesoma chuo kikuu miaka minne na nimesikia majibu mengi ya kukwepa, lakini sijapata kusikia lililokwepa kwa unyenyekevu kama lile.

Kila mtu alijua uchafu ulitoka wapi. Petroli iliuzwa na jirani yetu, kando ya barabara, kwenye mitungi ya plastiki iliyopangwa juu ya meza. Jirani huyo alikuwa mzee wa kanisa letu. Alisoma somo, alikusanya sadaka, aliombea wagonjwa kwa sauti iliyotetemesha mabati. Vijana wa bodaboda walitaniana kwamba petroli yake ina maji ya kumnywesha ndama, lakini walitania akiwa amewapa mgongo tu. Mwenyewe akitokea, ilikuwa "shikamoo mzee" na kofia mkononi. Petroli nyingine ilikuwa Migori mjini, na kufika Migori kulihitaji petroli.

Kisha ikaja Sabato moja. Mama mdogo, mke wa ndugu mdogo wa baba, alikuwa na mimba ya kwanza, na mumewe alikuwa kisiwani Remba akivua. Uchungu ulimshika asubuhi, tukiwa tumekwisha kuvaa nguo za kanisani. Mkunga wa jirani alimgusa tumbo, akasema mtoto amekaa vibaya, aende hospitali ya Migori sasa hivi. Mama alibaki na wadogo zangu. Mama mdogo aliwekwa mbele pamoja na bibi, mimi nikapandishwa nyuma na beseni na khanga safi, na baba akaondoa gari. Tangi lilikuwa limejaa. Alikuwa amelijaza Ijumaa, kama ilivyo desturi, kwa jirani.

Tulifika mbele ya kanisa. Hapo likakohoa, likasita, likazimika.

Waumini walitoka nje kutuona, Biblia mikononi, na mbele yao alikuwa mzee wa kanisa. Aliuliza kuna nini, akaelezwa. Baba alikuwa ameshashuka na koleo mkononi. Mzee akamwambia, "Ndugu, tuanze na Mungu," akaweka kiganja juu ya boneti, akafumba macho, akaomba.

Aliomba polepole. Alimshukuru Mungu kwa mvua. Aliwakumbuka wasafiri wote, wajane, wagonjwa wa vijiji tulivyovijua na tusivyovijua. Ndani ya gari mama mdogo alikuwa akiuma khanga, na sauti iliyomtoka sijapata kuisikia tena kwa mtu mzima. Baba alisimama ameinamisha kichwa, akingoja. Hakuweza kuinua boneti, kwa sababu mkono ulikuwa juu yake. Ulikuwa mkono mpana, safi, wenye saa ya rangi ya dhahabu. Mimi sikufumba macho, ndiyo maana naujua.

Aliposema amina, baba aliitoa filta, akaiweka mdomoni akaipuliza kinyume cha mshale, akatema, akapuliza tena. Ilitoka maji. Nayaona hadi leo yakidondoka kwenye vumbi, na mzee wa kanisa akirudisha kiatu chake nyuma yasimrukie. Filta mpya ya kubadilisha haikuwapo, na hata ingekuwapo tangi zima lilikuwa la maji yaleyale. Gari likaenda, likazimika. Baba akashuka, akapuliza. Likaenda tena. Midomo yake ilikuwa imebabuka kwa petroli tulipofika, na mtoto alikuwa amekwisha kuzaliwa njiani, mikononi mwa bibi, wa kiume, hakulia.

Muuguzi alimchukua, akajaribu kwa muda, kisha akarudi. Alisema kwa upole, "Mngefika mapema kidogo." Labda alisema kwa mazoea. Labda mtoto asingeishi hata tungepaa. Nimejifunza kutosema najua pasipo ushahidi, na hapa ushahidi kamili sina. Nilichonacho ni yale maneno, mapema kidogo, na ule mkono ambao haukuondoka juu ya boneti.

Walimzika nyuma ya nyumba ya bibi. Hakupewa jina.

Siku ya tatu mzee wa kanisa alikuja kutoa pole. Bibi alimtengea chai ya maziwa na karanga za kukaanga. Kisha alikwenda dirishani, akaichukua chupa ya jemu yenye petroli ya tangi lile, mstari wake umetulia, akaileta hadi mezani na kuiweka kando ya kikombe cha mgeni. Alikaa mbele yake, mikono mapajani, akamtazama. Mzee aliitazama chupa. Akanywa chai yote, akasema Bwana ametoa na Bwana ametwaa, akaomba, akaenda. Na baba, baba yangu ambaye angeweza kulifungua gari zima na kulifunga tena, aliichukua ile chupa, akaenda kuimwaga nyuma ya choo.

Sabato iliyofuata mzee alisimama mbele ya kanisa. Bila kumtaja mtu, alisema kuna ndugu wanaoshika koleo siku takatifu, na ni vizuri kujiandaa Ijumaa, na kila mmoja ajichunguze moyo. Baba akasimama kutoka kwenye benchi, akaomba aombewe. Nilidhani sikusikia sawasawa. Nilimgeukia bibi, naye alikuwa amevuta kitambaa cha kichwa hadi kwenye nyusi. Wimbo ulipoanza watu wote walisimama. Bibi hakusimama. Baada ya ibada nilimuuliza baba alitubu nini. "Mambo ya watu wazima," akasema. Sasa mimi ni mtu mzima, na bado sijui alitubu nini.

Juzi nilirudi nyumbani na chupa yangu, nimeikaza kifuniko. Njiani nilipita kwa mzee wa kanisa. Siku hizi si meza tena, ni pampu mbili chini ya paa la mabati ya bluu, naye hukaa kwenye kiti cha plastiki akiwapungia wapita njia. Alinipungia. Mkono ni uleule.

Baba alikuwa barazani akipukuchua mahindi. Niliweka chupa kwenye kigoda. Aliiinua kwenye mwanga kwa vidole viwili, kama zamani.

"Ya kwake?"

"Ya kwake."

Akaendelea kupukuchua.

"Ulijua, baba?"

"Nani hakujua?"

"Basi mbona hukusema?"

"Niseme, halafu nijaze wapi? Nikae na gari kama jiwe, nyinyi mle nini?" Alitupa gunzi. "Bibi yako alipokufa, petroli ya gari la maiti aliileta nani? Yeye. Bure. Bibi yako alienda kaburini kwa petroli yake."

"Na mtoto pia," nikasema.

Mahindi yalikoma kudondoka. Kisha baba akainuka, akaichukua chupa, na nikajua anakwenda wapi nayo.

"Shemeji." Alikuwa mama mdogo, amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono ina unga. Ana watoto wengine sasa, wakubwa, lakini ya siku ile sijapata kumsikia akiyataja. "Irudishe hapo. Hii usiimwage."

"Ya nini tena? Imeshapita."

"Imepita kwako. Jumapili mzee huwa anakuja kunywa chai yangu. Nitamtengea mwenyewe, na hiyo nitaiweka kando ya kikombe. Safari hii mtu asiiondoe hadi aseme kitu."

Baba aliikaza chupa kifuniko. Halafu akairudisha kwenye kigoda.

Pikapu liliuzwa chuma chakavu zamani, na sehemu yake ya kubebea mizigo mtu fulani ameigeuza banda la kuku. Jiko la bibi limeanguka. Omena siku hizi hubebwa na malori, na hakuna anayemuuliza mtoto mshale uende wapi. Vyote hivyo navililia kwa namna yangu. Lakini nikiwa mkweli, nilichokipenda zaidi, ule ustadi wa baba, gunia, penseli na kicheko chake, ndicho kilichotuwezesha kuishi na yale maji. Tulijua sana kuosha na kufunga. Tuliijua kazi hiyo vizuri mno, ikawa hatuna haja ya kujua nyingine. Nyuma ya nyumba migomba imeota pale alipolazwa yule asiye na jina. Angekuwa mtu mzima. Huenda angenibishia kila neno la ukurasa huu.

Nilipowasha gari kuondoka, baba alikuja hadi dirishani, akasikiliza injini kwanza, kichwa upande, kama daktari.

"Sasa linaenda vizuri?"

"Linaenda vizuri, baba."

Akatabasamu, akapiga boneti kwa kiganja mara moja, kuniaga. Kisha nikaona amekumbuka. Aliutoa mkono haraka, akauficha nyuma yake.